Ustadh wa Simu za Waliokwama

Ustadh hakusikiliza shida ya mtu kabla ya kusikia hali yake.

"Ustadh, system imekufa! Wagonjwa wamejaa hapa mpaka mlangoni!"

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Lakini Ustadh, hii system..."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Haya, nisomee maneno yaliyoandikwa kwenye skrini. Usinieleze maana yake. Nisomee tu."

Nilipoajiriwa kukaa meza iliyotazamana na yake, niliona anapoteza wakati. Simu zilikuwa zikilia, na yeye anauliza watoto. Baadaye nilianza kusikiliza sauti za upande wa pili. Mtu akishaulizwa watoto wake, pumzi inashuka. Akishusha pumzi, anaacha kusimulia hofu yake na kuanza kusimulia anachokiona. Mimi nilikuwa nadaka simu mbiombio, nasikia hofu tupu, na namaliza kwa kumpigia mtu huyo huyo tena mchana.

Ofisi yetu ilikuwa Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya jumla ya nywele za kusuka na mabeseni. Kampuni yetu ndogo ilitengeneza programu ya zahanati, maduka ya dawa, kliniki za mifugo na nyumba za kutunza wazee. Kumbukumbu zote za mteja zilikaa katika faili moja, ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Hakukuwa na seva wala mtaalamu wa kuilinda. Hifadhidata ya namna hiyo hupachikwa ndani ya programu. Unaiuliza kwa lugha ya SQL, nayo inakujibu papo hapo. Uzuri wake ni kwamba zahanati yenye kompyuta moja na umeme wa kubahatisha inaweza kuitumia. Ubaya wake ni kwamba watu wakishaona ni faili tu, hulifanya wanavyofanya picha za harusi: wananakili, wanahamisha, wanabadilisha jina. Sisi tulipokea simu za yaliyofuata.

Tulimwita Ustadh kwa sababu jioni alifundisha madrasa karibu na msikiti mmoja wa katikati ya jiji. Hata mkurugenzi wetu, mzee wa kanisa kutoka Mwingi, hakumwita kwa jina lingine. Alikuwa mtu wa pwani na lafudhi yake haikuwahi kukubali Nairobi. Ukimwambia "faili imeharibika", atakujibu "limeharibika vipi?" na kukaza hiyo *li* mpaka uisikie. Mimi ni Mkamba wa Kangundo na nyumbani hatukupewa Kiswahili kwa kijiko. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandika sentensi zangu kichwani kabla ya kumsemesha.

Simu iliyojirudia kuliko zote ilikuwa ya kufungwa. Skrini inaandika kwa Kiingereza kwamba hifadhidata imefungwa, na mwenye kompyuta anaamini amefungiwa nje kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ustadh, baada ya salamu, alikuwa na swali moja.

"Nani ameenda kula?"

"Unasema?"

"Hapo dukani. Nani hayupo?"

"Ah, Caro ameenda lunch."

"Caro ameacha dirisha la programu wazi, amebadilisha kitu na hajakihifadhi. Tazama."

Viatu vinatembea, kisha kicheko. "Ustadh, wewe ni mchawi!"

Hakuwa mchawi. Katika faili kama lile wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi ni mmoja. Aliyeanza kuandika asipomaliza, wengine wote wanasubiri. Duka moja la dawa la Kileleshwa lilizoea sana jambo hilo hata wasichana wake wakawa hawatoki kwenda kula bila kuulizana "umemalizia?" Niliwasikia siku moja nilipokwenda kuwafunza na nikatamani Ustadh angekuwepo. Nilipomhadithia, alisema tu, "Wameelewa," akaendelea kula sambusa yake.

Lakini mtu asidhani alikuwa mpole. Upole wake ulikuwa wa wapiga simu. Kwa watengenezaji wa programu alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulikuwa na kijana mmoja hodari, Brayo, aliyeandika sehemu kubwa ya programu yetu. Siku moja mpokeaji wageni wa zahanati ya Kawangware alipiga simu: kila mgonjwa akiitwa Ng'ang'a, programu inagoma kumwandikisha. Kamau anaingia, Otieno anaingia, Ng'ang'a anabaki nje. Brayo aliangalia, akapata sababu upesi, na kabla ya chakula cha mchana akatangaza kwamba amemaliza.

Ustadh aliinuka akaenda mpaka mezani kwake. "Umefanyaje?"

"Nimetoa hiyo apostrofi, Ustadh. SQL ikiiona inadhani jina limeisha. Nikiitoa kabla ya ku-save, kila kitu iko sawa."

"Kila kitu kiko sawa."

"Eeh, kiko sawa."

"Hakiko sawa. Huyo mtu ameitwa Ng'ang'a na babake. Wewe umemwita nani?"

"Nganga."

"Toa alama hiyo kwenye ng'ombe tuone kama atatoa maziwa."

Ofisi nzima ilicheka, Brayo pia. Ustadh hakucheka. "Unabandika jina la mtu ndani ya amri ya SQL kwa gundi, ndiyo maana alama moja inaivunja. Iache nafasi katika amri, kisha ulipeleke jina kando, zima. Liwe na alama kumi, hifadhidata haitajali. Na mwenye nia mbaya hatapata pa kupenyeza amri zake."

"Najua, Ustadh. Lakini tumeandika hivyo kila mahali. Ni kazi ya wiki."

"Basi anza leo."

Brayo alinung'unika mwezi mzima, lakini alianza siku ile ile. Ustadh naye, kila Brayo aliporekebisha ukurasa mmoja, alimjaribia: aliandikisha wagonjwa wa uongo wenye majina ya Ng'endo, Nyong'o na Wang'ombe mpaka orodha ya majaribio ikawa kama mkutano wa hadhara.

Kulikuwa na mambo yake ambayo hayakupatana, na sikuwahi kujaribu kuyapatanisha. Mtu huyu aliyesahihisha ngeli za mkurugenzi mbele ya wageni alikuwa mpenzi mkubwa wa mieleka ya televisheni. Aliijua mieleka ile kwa majina ya wapiganaji na visasi vyao, na Jumatatu asubuhi alitusimulia nani amemrusha nani, mikono hewani, kofia imekaa upande. Alikariri Kurani yote lakini alitafuta miwani yake kila siku, mara nyingi ikiwa kichwani. Viatu vyake vilimeta kiasi cha kuona aibu kumkanyaga. Na yeye aliyehubiri kunakili data kama wengine wanavyohubiri kutubu, aliidondosha simu yake kwenye beseni la kufulia, nazo picha zote za harusi ya binti yake zikaenda. Hakuwa na nakala hata moja. Alinieleza tukiwa wawili kwenye ngazi.

"Usimwambie Brayo," alisema, na akacheka mpaka akashika ukuta.

Kitu kilichomkasirisha hasa ni mteja kusema "sikugusa kitu". Hapo sauti ilibadilika. "Mama, mimi siulizi nikulaumu. Nauliza nijue nirudi wapi." Wengi walisema ukweli baada ya sentensi hiyo. Mmoja alikiri kwamba ameliweka faili kwenye folda ya mtandao ili kompyuta mbili ziliandikie kwa pamoja. Ustadh alimweleza kwamba hivyo ndivyo faili huharibika, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake aliyewasha kiberiti karibu na mtungi wa gesi.

Mkurugenzi alitaka tuandike ukurasa wa maswali ya kila siku na majibu yake, simu zipungue. Ustadh alikataa kwa muda mrefu. Alisema mtu akisoma jibu kabla ya kusema swali lake, atajitibu ugonjwa wa jirani. Mwishowe niliandika mwenyewe, nikampelekea. Alisoma kurasa zote amesimama dirishani.

"Majibu ni sahihi," alisema. "Watu hawamo."

"Watu gani?"

"Umeandika 'Jinsi ya kupunguza ukubwa wa hifadhidata.' Nani amewahi kutupigia simu akasema hivyo? Wanasema, 'Nimefuta wagonjwa wote wa zamani, mbona faili bado ni zito vile vile?' Andika hivyo. Halafu umjibu huyo."

Nikaandika upya. Nilimjibu huyo: ukifuta, nafasi haiondoki, hifadhidata inaiweka kwa ajili ya wanaokuja, kama ni lazima faili lipungue, iko amri ya kulipanga upya, ila hakikisha diski ina nafasi na hakuna mtu kazini. Ukurasa ule ulipotoka, simu hazikupungua. Zilibadilika. Watu walianza kupiga wakisema, "Mimi ni yule wa swali la nne, lakini yangu imeongeza kitu." Ustadh alifurahi, mkurugenzi hakufurahi.

Swali moja aliliongeza mwenyewe. Kliniki ya mifugo ya Karen ilifuta jina la mbwa aliyekufa, ambaye ndiye alikuwa wa mwisho kuandikishwa. Mnyama aliyefuata, paka, akapewa namba ile ile, na chanjo za mbwa zilikuwa bado chini yake. Mwenye paka akapokea ujumbe wa kumleta mbwa wake achanjwe. Daktari wa mifugo alipiga simu akicheka. Ustadh alimsikiliza, akamshukuru, akakata simu akiwa amekunja uso.

"Leo ni paka," alituambia. "Kesho ni mtoto."

Hakukaa mpaka Brayo alipoipa programu amri mbili: namba iliyotumika isirudiwe kamwe, na kumbukumbu ya chanjo isibaki ikielea mwenyewe akiwa ameshafutwa. Hifadhidata ile hailindi uhusiano huo mpaka uiambie iulinde. Ustadh alichukia chochote kinachosubiri kuambiwa.

Halafu ikaja asubuhi ya nyumba ya wazee.

Nyumba hiyo ilikuwa Karen, ndani ya ua wenye miti mirefu, na msimamizi wa wauguzi wake aliitwa Sista Kanini, mwanamke wa Kitui asiyepaza sauti. Alipopiga simu, nilipokea mimi. Walikuwa wamenunua kompyuta mpya. Karani wao alinakili faili kutoka ile ya zamani kwa flashi, akaliweka katika mpya, programu ikafunguka, kila mtu akafurahi. Ya zamani ikachukuliwa na mfanyabiashara.

"Sasa naangalia dawa za mzee mmoja," Sista alisema. "Hapa inaonyesha kipimo cha zamani. Daktari alikipunguza nikiwepo, juzi juzi, kwa sababu alikuwa anatoka damu puani. Mimi nakumbuka. Lakini alibadilisha na za wengine, na hao sikuwa zamu. Nurse aliyekuwepo hashiki simu. Daktari mwenyewe yuko kwa ndege."

Nikarudia maneno yake kwa sauti ili Ustadh asikie. Alikuwa tayari amesimama. Akachukua simu mkononi mwangu.

"Sista, programu ilikuwa wazi karani aliponakili?"

"Ilikuwa wazi. Hatufungangi."

"Na alinakili faili moja?"

"Moja. Lile kubwa."

"Kuna jingine dogo kando yake. Maandishi mapya hupita huko kwanza, kisha ndiyo yanamiminwa kwenye kubwa. Amekuachia nyuma siku zako za mwisho. Usimpe mtu dawa kwa kusoma hiyo kompyuta mpya. Hata mmoja. Ya zamani iko wapi?"

"Jamaa wa Ngara ndiye alikuja jana akachukua. Alisema anazifuta anauza."

Sista alitupa jina la jengo. Lilikuwa barabara ya pili kutoka kwetu.

Sikuwahi kumwona Ustadh akikimbia, na siku hiyo pia hakukimbia, lakini nilikimbia mimi kumfuata. Alipita katikati ya mikokoteni na wauza viatu bila kumtazama mtu. Duka lilikuwa chini ya ngazi, kompyuta zimepangwa mpaka darini, na kijana mwenye kofia ya sufi ameinama juu ya meza.

"Niaje mzee, karibu, unatafuta..."

"Umeifuta?"

"Ipi?"

"Iliyotoka Karen jana. Ya nyumba ya wazee."

Kijana alielekeza kidole mezani. Ilikuwa mbele yake, flashi ya kuiwekea mfumo mpya imeshachomekwa ubavuni. "Hii ndio nataka kuanza."

Ustadh aliweka kiganja juu ya ile kompyuta kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Kijana akarudi nyuma. "Mzee, hii ni yangu sasa. Nilinunua."

"Yako. Sitaki kompyuta. Ndani yake kuna maandishi ya dawa za wazee, nani apewe nini. Hawana kwingine pa kuangalia. Nipe niyatoe, kisha uifute upendavyo."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi niliyekuwa natweta, akachomoa flashi yake. "Chukua time yako."

Kumbe waliitoa bila kuizima, wameng'oa waya tu, ndiyo maana faili dogo lilikuwa bado pale kando ya kubwa. Ustadh hakuyafungua. Aliyanakili yote mawili pamoja, mara mbili, kwa flashi mbili. Kisha akafungua nakala kwenye kompyuta yangu ya mkononi na kuiamuru hifadhidata ijikague. Tukasubiri. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Jibu lilipokuja lilikuwa neno moja, kwamba iko salama, naye akafumba macho kidogo.

"Mpigie Sista. Msomee yaliyobadilika wiki hii."

Nikasoma. Mzee wa damu ya pua alikuwepo, kipimo kimepunguzwa kama Sista alivyosema. Mwingine ameongezewa ya presha. Nikafika kwa bibi wa chumba cha mwisho.

"Hapa pameandikwa dawa yake ya usingizi isimamishwe kabisa," nilisema.

Nikasikia kitu kikiwekwa mezani.

"Sista?"

"Niko. Hiyo sikuijua." Akavuta pumzi. "Mlipopiga, kikombe chake cha tembe nilichojaza kabla ya kuwapigia kilikuwa bado mkononi mwangu. Nimekiweka chini."

Tulimaliza majina yote. Ustadh akamweleza jinsi tutakavyolileta faili zima mchana huo na kulirudisha mahali pake. Kisha akakata simu, akamgeukia kijana wa duka, akanyoosha kofia.

"Habari za asubuhi. Nimeingia kwako bila salamu, uniwie radhi. Watu wa nyumbani hawajambo?"

Kijana alicheka. "Wako poa, mzee."

"Hawajambo," Ustadh alisema.

Tuliporudi ofisini nilimtengenezea chai. Aliiacha mezani ipoe, akaanza kuliandaa faili la Sista la kupeleka Karen. Jioni alikwenda madrasa kama kawaida, na kesho yake alimkalia Brayo mpaka programu ikapata kitufe cha kunakili, kinachotumia njia ya hifadhidata yenyewe na kuchukua kila kitu, iwe wazi au imefungwa. Toka siku hiyo hakuna mteja wetu aliyehitaji kugusa faili kwa mkono.

Ustadh alistaafu na kuhamia kwa binti yake, Kileleshwa, katika moja ya yale maghorofa yenye walinzi wanaoandika namba za magari. Nilichelewa kwenda kumwona. Mimi sasa ndiye nakaa meza yake, na simu haziishi. Nilipokwenda ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilijiandaa kwa ngeli zangu kwenye lifti.

Mlango ulifunguliwa na msichana mdogo, mjukuu wake. Nikamsalimia. Hakujibu, alinitazama midomo, kisha akakimbia ndani na kumgusa babu yake begani. Ustadh aligeuka, akaniona, uso ukachanua, lakini hakunisemesha kwanza. Aliinua mikono akamwambia mtoto kitu kwa vidole, taratibu, akisita kila ishara, kama mtu anayetembea kwa miguu mitupu juu ya kokoto.

"Hasikii," aliniambia. "Tangu azaliwe. Mama yake anaijua lugha yake, baba yake anaijua, hata dada wa nyumba anaijua. Mimi nilikuwa kazini. Sasa naenda darasani Jumanne na Alhamisi na vijana wa chuo. Mimi ndiye wa mwisho."

"Wewe, wa mwisho?"

"Kwa mbali kabisa."

Tulikaa kwenye roshani. Niliuliza afya yake, akaniuliza nyumbani, akauliza kazi. Nilimwambia simu ni nyingi na nimezimudu. Akasema, "Najua," na sikuhitaji zaidi ya hapo. Mtoto alikuwa amesimama baina yetu, anatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamvuta babu yake kiwiko cha mkono na kunielekeza kidole.

"Anataka kukujua," Ustadh alisema.

Akafikiri. Akafanya ishara ya kwanza, ya pili, akapotea, akarudi mwanzo. Mtoto alikunja uso. Kisha akaangua kicheko kikubwa kisicho na mpaka, akajishika tumbo.

"Umemwambia nini?" niliuliza.

"Nilitaka kusema wewe ni mwenzangu wa kazi, nakuamini." Alitazama vidole vyake mwenyewe kwa mashaka. "Sijui nimesema nini."

Mtoto akaacha kucheka. Alipanda mapajani mwake, akashika mkono wake mkubwa kwa mikono yake miwili, akakunjua kidole kimoja, akakunja kingine, akakigeuza kiganja mpaka kikakaa anavyotaka. Ustadh alimwachia. Kisha mtoto akashuka, akarudi nyuma hatua kidogo, akamwashiria aanze tena.

Naye akaanza tena.